Opereta na Ng'ombe Aliyeugua Kila Asubuhi

Hakuwahi kujibu simu kwa "haloo". Ukimpigia, hata kama mmeagana mlangoni muda mfupi uliopita, ulisikia pumzi, kisha neno moja lenye ukali wa karani aliyechoshwa na watu: "Nambari?" Asiyemjua alianza kutaja tarakimu za simu yake mwenyewe kwa woga. Mimi niliyemjua kwa miaka mingi niliwahi kuzitaja zaidi ya mara moja, nikiwa na akili zangu timamu.

Sote tulimwita Opereta. Jina alikuwa nalo, lakini kulitumia kungekuwa sawa na kumwita askofu kwa jina la utotoni. Kabla simu hazijaanza kukaa mifukoni, aliketi mbele ya ubao wa kuunganishia simu mjini Bungoma, kipokezi sikioni, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, na watu wa wilaya nzima hawakuweza kusalimiana kwa mbali bila mkono wake. Mtambo wa kujiendesha ulipoletwa, kiti chake kiliondolewa. Akahamia Kitale, akafungua saiba, duka la kompyuta na intaneti, nyuma ya soko, mtaa uleule wenye ukumbi wa kanisa tuliokuwa tukifanyia mikutano.

Sitaandika alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo niliyasikia kwa watu, na ninayoyasikia kwa watu siyaweki kwenye karatasi. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kanuni yangu ilikuwa nyepesi: jambo ni la kweli likionekana kwa macho yangu, au likithibitishwa na mashahidi wawili wasiojuana. Naomba msomaji aikumbuke kanuni hiyo, maana ndiyo iliyonipeleka Bokoli kwa heshima zangu zote, nikizama kwenye matope hadi soksi, kumtafuta ng'ombe asiyekuwepo.

Masikio yake yalikuwa ya ajabu. Aliweza kuketi saibani akizungumza na watu watatu kwa pamoja, kisha akasema bila kugeuka, "Kompyuta ya dirishani inakohoa, hebu izimeni." Miaka yote ile ya ubaoni alisikia ndoa zikivunjika, mashamba yakiuzwa mara mbili, na viongozi wakilia kama watoto. Hakuna hata moja lililowahi kumtoka. Siku moja nilimjaribu, kwa kisingizio cha utafiti wa historia. Nilimuuliza kuhusu bwana mmoja mkubwa aliyekuwa akipiga simu nyingi za jioni kwenda Eldoret.

"Mwenyekiti," akasema, "hiyo laini ilikatika."

"Ilikatika lini?"

"Sasa hivi, ulipouliza."

Basi hilo likawa neno lake la kufungia mlango. Na bado, mwanamke huyo aliyeficha siri za wilaya alikuwa mwenye maneno mengi kuliko mnada. Kuhusu bei ya vitunguu, kuhusu mkwewe, kuhusu mguu wake wa kushoto na namna unavyotabiri mvua, aliweza kuzungumza hadi mteja akasahau kilichomleta.

Hakuwa mtu wa kujishusha. Alijua anachokijua na alitaka kijulikane. Palipohitajika kutojua pia alikuwa na uhakika uleule. Aliamini kabisa kwamba kompyuta hushikwa na baridi mwezi wa Julai, kwa hiyo alizifumia vitambaa vya uzi, vyeupe vyenye maua ya waridi, kila moja na chake, kama viti vya sebuleni. Alipiga marufuku chai karibu na mashine kwa kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa, kisha yeye mwenyewe akala mahindi ya kuchoma juu ya vibonyezo hadi punje nusura ziote katikati ya herufi. Nilipomwonyesha kibao chake alinijibu kwamba kimeandikwa chai, hakijaandikwa mahindi, na kwamba mkaguzi mzima anapaswa kusoma vizuri zaidi.

Wengi walishangaa kwamba mtu aliyenyang'anywa kazi na mashine alizipenda mashine namna ile. Nami nilishangaa, nikamuuliza.

"Nani amekwambia nazipenda?" akasema. "Ilininyang'anya kiti. Sasa acha ifanye kazi nikiwa nimekaa."

Alichokichukia kuliko mashine, na kuliko hata mkwewe, ni ukimya. Hilo alinieleza mara moja tu, na kwa kuwa lilitoka kinywani mwake, nitaliandika. Wakati wa ubao, kulikuwa na laini ya shamba moja upande wa Endebess. Laini hiyo haikuita kwa muda, na hakuna aliyejali, kwa sababu laini isiyoita haimsumbui opereta. Kumbe mti ulikuwa umeangukia waya. Mle shambani mtu alikuwa akinyanyua kipokezi, akizungusha mkono wa simu, akisubiri sauti ya Bungoma iseme "Nambari?" ili aombe daktari. Opereta alikuja kuyajua hayo kupitia tangazo la mazishi redioni. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kazi, alizipigia laini zote zilizokaa kimya, moja baada ya nyingine, ajue kama ziko hai. Hakuna mkubwa aliyemwagiza, na baadhi ya wakubwa walimkemea kwa kuwaamsha.

"Kitu kikilia, Mwenyekiti, una bahati," aliniambia. "Ogopa kile kinanyamaza na kinakaa sawa."

Sasa nieleze jinsi nilivyokuwa mwenyekiti wake. Tulikuwa na chama cha wafugaji wa maziwa, wanachama wake wakitawanyika kuanzia miteremko ya Endebess, kupitia Kiminini nilikokuwa na shamba langu, hadi Webuye na Bungoma. Daktari wa mifugo alikuwa mmoja, kijana mwenye pikipiki na utii uliopita kiasi. Ng'ombe alipougua Bokoli, habari ilimfikia Daktari ikiwa imepitia vinywa vingi, na alipofika alikuta ngozi imeshaanikwa. Opereta akasimama kwenye kikao cha kamati akapendekeza tovuti. Mfugaji angeingia saiba yoyote iliyo karibu, aandike jina, mahali na dalili, na Daktari angeyasoma hayo siku hiyohiyo.

Nilipinga kwa hotuba nzuri. Nilisema tovuti yenyewe itakaa kwenye mashine ya mbali ambayo hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuiona, na kwamba mimi si mtu wa kukabidhi ng'ombe kwa kitu kisichoonekana. Nilikuwa mzee wa kanisa wakati huo, na Opereta alinikumbusha jambo hilo mbele ya kamati nzima. Tukakubaliana hivi: tovuti iwekwe, ijaribiwe hadi mkutano mkuu wa mwaka. Ikionekana kwamba inapoteza taarifa za wafugaji, itafungwa, na Opereta ataacha kujiita mtu wa mawasiliano wa chama. Nililiandika sharti hilo la mwisho mwenyewe, nikijiona mwerevu. Sikuelewa kwamba nilikuwa nikimwambia mwanamke aliyekwisha kuondolewa kwenye kiti kimoja kwamba naweza kumwondoa kwenye cha pili.

Aliiweka. Na hapa ndipo nilipoona alivyotofautiana na mafundi wengine. Fundi wa kawaida akishaweka tovuti huwaita watu waje kuitazama. Opereta hakumwita mtu. Aliiwekea kwanza walinzi.

Katika kona ya saiba aliweka kompyuta moja kuukuu chini ya kitambaa chake cha waridi, akaifunga kwa waya na simu ya mkononi iliyopasuka kioo. Kompyuta ile iligonga mlango wa tovuti kila baada ya muda mfupi kuona kama inafunguka. Makosa yote yaliyotokea ndani yalidondokea mahali alipopaita kikapu, yanayofanana yakirundikwa pamoja, ili ajue lipi limetokea bahati mbaya na lipi ni tabia. Na kwa kuwa hakuamini ukurasa unaosema "Asante, taarifa yako imepokelewa", alimbuni mfugaji wa uongo, Wekesa wa Bokoli. Kila asubuhi saa tatu, mashine iliandika kwa niaba ya Wekesa kwamba ng'ombe wake mweusi ana homa, kisha ikachungulia upande wa pili kuona kama habari imefika. Ikifika, iliifuta kabla Daktari hajaiona. Isipofika, ilipiga kelele.

Kelele yenyewe ilikuwa fleshi. Vijana wa leo wenye simu za kila aina labda hawajui kwamba wakati ule tulifleshiana: unampigia mtu, simu yake inalia kidogo, unakata kabla hajapokea, ili aone jina lako na akupigie kwa gharama yake. Opereta aliifundisha mashine ufukara wetu. Fleshi moja maana yake tovuti imelala. Mbili mfululizo maana yake taarifa ya mfugaji imepotea. Ilifleshi simu tatu, yaani yake, ya Daktari na yangu, na iliendelea hadi mtu atakaposhughulika.

Haya yote aliyaeleza kwenye kikao, na ng'ombe wa uongo alimtaja. Nina hakika alimtaja, kwa sababu kumbukumbu za kikao zinaonyesha hivyo. Mimi wakati huo nilikuwa nikirekebisha upatanisho wa ngeli katika kumbukumbu za kikao kilichotangulia.

Tatizo la kwanza lilikuwa msimamo wangu juu ya fleshi. Sikuwahi kuijibu fleshi maishani. Niliona ni utovu wa adabu, na mtu mwenye haja nami aliweza kunipigia kama binadamu. Siku mashine iliponifleshi mara ya kwanza, nilishindwa kujizuia, nikaipigia ili kumpa mwenye nambari hiyo somo. Simu ilipokewa. Nikasema kwa sauti ya mkaguzi kwamba simwelewi mtu mzima anayeomba kupigiwa simu kama anayemwomba jirani chumvi, kwamba wazazi wake wangeona haya, na kwamba sitarajii jambo hilo kurudiwa. Kule upande wa pili hapakuwa na jibu, ukimya tu, nami niliuchukulia kuwa ni majuto. Nikakata nikiwa nimeridhika sana. Jioni Opereta aliniuliza kwa nini nimezungumza na mashine yake muda wote ule.

"Umejuaje kama nilizungumza?"

"Ilishindwa kufanya kazi ikikungojea umalize."

Tatizo la pili lilikuwa lake, na sitamfichia. Sifa zilienea, watu wakaja wakitaka tovuti: shule moja ya Kiminini, hoteli moja ya Bungoma, kanisa moja pale Kitale. Opereta alichoka kuweka walinzi kwa mkono kila mara. Akaandika maagizo mara moja tu, akayaambatanisha na kila tovuti mpya, ili siku ya kuwekwa, kabla haijafungua mlango, tovuti ijipangie walinzi yenyewe: kugonga mlango, kikapu cha makosa, fleshi, kila kitu. Ilikuwa kazi nzuri. Isipokuwa kwamba ndani ya maagizo yale alisahau kumwondoa Wekesa.

Kanisa lile lilikuwa na ukurasa wa maombi ya waumini. Kila asubuhi saa tatu likapokea ombi kutoka Bokoli: ng'ombe mweusi wa Wekesa ana homa. Na kwa kuwa kule hakuna aliyemfundisha mlinzi kufuta, ombi lilibaki, likasomwa, likaombewa. Walimwombea ng'ombe yule kwa wiki nyingi, kwa uaminifu. Kuna akina mama waliofunga.

Mimi sikujua lolote kuhusu hayo. Mkutano mkuu ulipokaribia, nilikataa muhtasari wa Opereta, maana sikuwahi kuamini muhtasari. Nilikwenda saibani siku ambayo yeye alikuwa Bungoma kwa dada yake, nikamwagiza msichana wa zamu anichapishie kila kilichowahi kuingia kwenye tovuti, vilivyofutwa na visivyofutwa. Humo nikamkuta Wekesa, asubuhi hadi asubuhi, ng'ombe yuleyule, homa ileile. Nilihisi damu ikinichemka kwa furaha ambayo mkaguzi pekee huijua. Hata hivyo, sikukurupuka. Nilikuwa na shahidi mmoja tu.

Jumapili hiyo mchungaji wa kanisa lile la Kitale, rafiki yangu, alinieleza, bila mimi kumuuliza, juu ya mfugaji mmoja maskini wa Bokoli, Wekesa, ambaye ng'ombe wake haponi. Mashahidi wawili wasiojuana! Ng'ombe yupo, nikajiambia, na kuna mtu anamficha. Haikunijia kwamba mashahidi wote wawili walikuwa wametoka kwenye kompyuta moja iliyofunikwa kwa maua ya waridi. Sikumwuliza Opereta, kwa sababu mkaguzi hatangazi siku ya ukaguzi. Nilichukua mwavuli nikaenda Bokoli.

Mvua ilikuwa imenyesha. Nilimkuta mama mmoja nje ya nyumba yake, akirudisha mahindi kwenye turubai baada ya manyunyu, na karibu yake mtamba mwenye mabaka meupe, mimba imeshaonekana.

"Namtafuta Wekesa," nikasema.

"Wekesa gani, mzee? Hapa ukiita Wekesa, soko nusu linageuka."

"Mwenye ng'ombe mweusi mgonjwa."

"Anagonjeka tangu lini?"

"Kila asubuhi."

Akasimamisha kazi. "Na jioni?"

"Za jioni sina habari."

"Hiyo ng'ombe si ikufe tu, bana, ipumzike," akasema, kisha akacheka hadi akashika kiuno. Aliponiona sicheki, alinionea huruma akaniletea chai. Akaniambia mtamba yule ndiye wa kwanza kuwa wake mwenyewe, si wa shemeji zake, na kwamba akizaa salama hatamwomba mtu maziwa tena. "Na huyu akigonjeka," akasema, "nitaandika kwa ile mtandao yenu. Si mlisema Daktari anasoma?"

"Anasoma," nikamjibu, nikamalizia chai.

Nilirudi huko siku kadhaa, nikawaona Wekesa wote walioweza kupatikana. Mmoja alikuwa fundi cherehani, mmoja alikuwa diwani wa zamani, mmoja alikuwa na ng'ombe mweusi mwenye afya kuliko mimi, naye alinifukuza. Nikarudi na hitimisho thabiti kabisa: watu wa Bokoli wanaidanganya tovuti. Jioni ileile, kesho yake ikiwa mkutano mkuu, nilimwagiza Daktari afunge taarifa zote za Bokoli hadi nitakapozithibitisha mwenyewe. Opereta alikuwa amempa kitufe cha kufungia eneo likileta upuuzi. Kijana akakibonyeza. Alipaswa kuniuliza kwa nini, lakini nilikuwa nimewazoeza vijana kutoniuliza.

Mkutano ulianza kesho yake asubuhi. Kwa ajili ya utulivu niliamuru simu zote zizimwe na kuachwa mlangoni. Yangu tu ndiyo iliyobaki mfukoni, kwa kuwa mwenyekiti anaweza kuhitajika. Nilisimama nikaanza hoja yangu ya kuifunga tovuti. Nilisema nina ushahidi wa macho kwamba inapokea uongo. Opereta aliketi safu ya nyuma akiwa amevaa gauni lake la kazi la zamani, lenye mikunjo iliyopigwa pasi vizuri. Nilimwona ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili.

Simu yangu ikalia, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika.

"Samahani," nikauambia ukumbi. "Kuna mvivu fulani ananifleshi."

Watu wakacheka. Nikaendelea. Ikalia, ikakatika, ikalia, ikakatika.

"Mwenyekiti," sauti ikatoka nyuma, sauti ileile ya ubaoni. "Hiyo ni mbili."

"Mama, keti. Zamu yako itafika."

"Mbili ni taarifa imepotea. Saa ni ngapi?"

Mtu akasema ni saa tatu na kidogo.

"Saa tatu ni Wekesa," akasema Opereta, akaanza kupenya kati ya magoti ya watu. "Nani amemgusa Wekesa wangu?"

"Wekesa wako?" nikauliza. Nilikuwa nimeinua karatasi nilizochapishiwa, na sikumbuki niliishusha lini mikono yangu.

"Si nilisema kwa kamati? Ng'ombe ya uongo, ya kujaribu kama njia iko wazi. Nani amemfungia?"

Daktari akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Mwenyekiti alisema tufunge Bokoli."

"Wekesa peke yake?"

"Bokoli yote."

Opereta alitoka mbio, na mguu wa kushoto haukumzuia. Nilimfuata, nikijiambia kwamba nakwenda kuona kwa macho yangu. Nusu ya mkutano ilitufuata. Saibani alifunua kitambaa cha ile kompyuta kuukuu, akafungua kikapu. Juu kabisa alikuwepo Wekesa, amekataliwa. Chini yake, iliyoingia jana jioni na kukataliwa vilevile bila fleshi, kwa kuwa mlinzi alimpima Wekesa tu, ilikuwepo taarifa ya pili. Mtamba wa mabaka meupe, mimba kubwa. Homa, tezi zimevimba chini ya masikio, hataki kusimama. Bokoli. Na mashine, kwa adabu zake zote, ilikuwa imemjibu mama yule: Asante, taarifa yako imepokelewa.

"Huyu nimemwona," nikasema. "Nimekunywa chai ya nyumba hiyo."

"Basi una shahidi," akasema Opereta. Alikuwa ameshamgeukia Daktari. "Hiyo ni ndigana, homa ya kupe. Wewe bado unafanya nini hapa?"

Pikipiki iliondoka. Sisi tukarudi ukumbini kungoja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kupiga kura kabla ya kujua. Nilikaa mbele peke yangu, karatasi zangu magotini. Opereta alikaa kando ya mlango, simu yake sasa imewashwa, akiitazama bila kupepesa. Nadhani mimi peke yangu nilijua anasikiliza pia ile laini ya Endebess.

Mchana simu yake ililia. Haikuwa fleshi. "Nambari?" akasema, kisha akasikiliza, kisha akaniangalia mimi, mimi na si mwingine. "Amechomwa sindano. Amesimama. Anakula."

Mtamba alipona, na baadaye akazaa. Kura ilipigwa, nami ndiye niliyelazimika kuitisha, kwa sauti ya mtu aliyekalia mwiba. Tovuti ilibaki, Bokoli ikafunguliwa, Wekesa akarudishiwa ugonjwa wake. Opereta hakuwa na ukarimu wa ushindi hata kidogo. Kwa mwaka mzima aliniuliza hali ya ng'ombe mweusi kila tulipokutana, hasa mbele ya wageni. Kanisani alikwenda mwenyewe kueleza kosa la maagizo yake. Mchungaji alimwuliza kama waache kuomba. Akawaambia wamshukuru Mungu badala yake, kwa kuwa ng'ombe amefanya kazi kubwa. Wakashukuru.

Miaka ilipita, na masikio yale yalianza kumwacha. Yalianza na sauti nyembamba, ndege, watoto, halafu yakaacha watu wazima pia. Saiba aliiuza, akarudi Bungoma kwa binti yake. Mimi nilibaki Kiminini na ng'ombe wachache na kanuni zangu. Hatukuwa watu wa kuandikiana. Lakini kila asubuhi, saa tatu, simu yangu ililia kidogo na kukatika, nami, mimi niliyewahi kuihubiria mashine adabu, niliirudisha fleshi hiyo papo hapo. Yeye hakuisikia. Aliona mwanga ukiwaka. Basi, tulijua njia iko wazi.

Asubuhi moja haikulia. Nilingoja. Nilimfleshi, pakawa kimya. Nilipiga kabisa, ikaita hadi ikachoka. Nilijiambia kwamba ukimya si ushahidi, kwamba betri huisha, kwamba mtu mzima hafungi safari kwa sababu ya simu ambayo haikulia. Hoja zote zilikuwa sahihi, na nilizitoa nikiwa tayari nafunga kamba za viatu.

Nilimkuta Bungoma barazani kwa binti yake, akiambua maharagwe kwenye ungo. Simu ilikuwa mapajani, nzima, imejaa chaji, imefunikwa kitambaa kidogo cha waridi.

"Opereta!" nikapaza sauti. "Kulikoni?"

Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Saa ngapi?"

"Inakaribia saa sita."

"Umechelewa." Akaendelea kuambua. "Lakini umekuja."

Nilihitaji muda kidogo kuelewa. "Ulinyamaza kusudi?"

"Mlinzi hajawahi kujaribiwa utajuaje kama ako macho? Ile mashine ya Kitale nilikuwa na hakika nayo. Wewe, Mwenyekiti, sikuwa na hakika."

Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu umri wangu, barabara, na ng'ombe niliowaacha bila kukamuliwa vizuri. Nilianza hata kuyasema, lakini nilikuwa nimehamia upande wa sikio lake bovu zaidi na hakusikia. Akafunua kitambaa, akabonyeza. Simu ikalia mfukoni mwangu, ikakatika. Nikaitoa, nikamrudishia fleshi yake nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, na mwanga ukawaka mapajani mwake, juu ya maganda ya maharagwe.

Akaiweka sikioni, sikio ambalo halikufaa tena kitu.

"Nambari?" akasema.

Nikamtajia yangu, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa sauti kubwa hadi jirani akachungulia juu ya ua, naye kwa kila tarakimu akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayechomeka waya mahali pake.